Maji Usiyoyafika: Likizo ya Visiwani kwa Familia ya Nyanda za Juu

Nyakisasa ni nchi ya vilima. Mtoto anayekulia katika kata hiyo ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, huyajua maji kwa sura ya kijito kinachopita bondeni chini ya migomba, ndoo inayobebwa kutoka kisimani, na mvua inayopiga mabati usiku. Mito mikubwa ya wilaya, Ruvubu na Kagera, huifahamu zaidi kwa onyo la wazazi: humo mna viboko na mamba, usisogee. Kwa sababu hiyo watu wengi hufikia utu uzima bila kujifunza kuogelea, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Hata hivyo, safari ya mapumziko ufukweni si tena jambo la wageni kutoka ng'ambo peke yao. Mwalimu aliyeweka akiba, mkulima aliyeuza kahawa vizuri, au kijana anayefanya kazi mjini na kutaka kuwafurahisha wazazi wake, wote huanza kuuliza habari za Ukerewe, Unguja, Pemba na Mafia. Huuliza nauli, huuliza malazi, huuliza chakula. Swali la maji yenyewe huachwa hadi siku ya kufika, pale watoto wanapokwisha kuvua viatu na kukimbilia mawimbi. Hapo huwa limechelewa.

Makala haya yanaifuata familia moja ya mfano kutoka Nyakisasa katika kupanga safari ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama ni mkulima. Watoto ni watatu: wa miaka kumi na tano, wa miaka tisa na wa miaka minne. Shangazi yao naye yumo safarini. Anatumia dawa za kifafa na hajapata degedege kwa miezi minne. Hakuna kati yao anayeweza kuogelea isipokuwa kijana mkubwa, ambaye alijifunza mwenyewe katika bwawa la mto. Wanataka kuona visiwa vitatu: Ukerewe katika Ziwa Victoria, kisha Unguja na Mafia katika Bahari ya Hindi.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Familia hii itafika kwenye maji ya aina tatu, na ujuzi wa maji ya mahali pamoja hautoshi mahali pengine. Kwa hiyo usalama wa kuogelea hauna budi kupangwa nyumbani, kisiwa kwa kisiwa, kabla ya tiketi kukatwa.

Uzito wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwezi Aprili mwaka 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza tarehe 25 Julai kuwa siku ya kimataifa ya kuzuia vifo vya maji, ishara kwamba vifo hivi vinaweza kukingwa kama inavyokingwa surua au malaria.

Methali nyingine husema kuwa mfa maji haishi kutapatapa. Methali hiyo ina ukweli kwa mtu mzima anayehangaika akiwa na nguvu bado, na ndiyo sababu humkumba na kumzamisha anayekuja kumwokoa kwa mikono mitupu. Kwa mtoto mdogo hali huwa tofauti. Mtoto wa miaka minne akizidiwa na maji mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa mdomo ulio chini ya maji hauwezi kuita. Huzama kimya, hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza. Dakika chache za ubongo kukosa oksijeni zatosha kuleta kifo au ulemavu wa kudumu.

Kabla ya kuogelea kuna kuvuka

Safari ya visiwani huanza na chombo, na historia ya vyombo vyetu ina majonzi. Kagera haijaisahau tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikielekea Pemba kutoka Unguja. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha, wengine wakiwa wanauona ufuko. Katika misiba hiyo yote chombo kilikuwa kimejaza kupita kiasi.

Familia ya Nyakisasa inapaswa kuamua mapema kwamba itakuwa tayari kukosa safari. Uamuzi huo ni rahisi kuufanya sebuleni na mgumu kuufanya gatini, nauli ikiwa imekwisha lipwa. Chombo kikionekana kimejaa, wasubiri kinachofuata. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla ya kung'oa nanga, na la mtoto liwe la kipimo chake. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Ratiba iwe na siku moja ya akiba kila upande, ili ukosefu wa muda usiwalazimishe kupanda chombo wasichokiamini.

Katika Ziwa Victoria kuna jambo la ziada. Dhoruba kubwa za ziwa hilo huumbika zaidi usiku na kuendelea hadi asubuhi, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto. Kwa hiyo mtumbwi mdogo wa alfajiri una hatari kuliko utulivu wa gatini unavyoonesha. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe jioni ya kuamkia safari. Habari njema ni kwamba anayetoka Ngara kwa njia ya Biharamulo na Geita hahitaji tena kivuko ili kufika Mwanza, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025.

Ukerewe: maji matamu na mdudu asiyeonekana

Ziwa halijai wala kupwa kama bahari, na kwa mtu wa bara hufanana na bwawa kubwa alilolizoea. Hapo ndipo mtego ulipo. Hatari yake kubwa kwa mwogaji wa siku mbili haionekani kwa macho: ni kichocho.

Kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo iitwayo Schistosoma mansoni, kimeenea katika mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria, Ukerewe ikiwamo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mtu mgonjwa na kufika majini. Huko huanguliwa, vimelea huingia katika konokono wa maji matamu, na baada ya wiki kadhaa konokono hutoa maelfu ya vimelea vidogo vinavyoogelea. Hivi hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache tu. Huwa vingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo watalii hupenda kuoga.

Watu hujipa moyo kwa mambo kadhaa. Husema maji ni maangavu. Vimelea havihitaji tope. Husema watakaa ufukweni tu, maji yakiwa magotini. Konokono hupenda hasa maji ya kina kifupi penye majani. Husema watajifuta haraka kwa taulo. Kujifuta kwaweza kupunguza idadi ya vimelea lakini hakutegemewi kama kinga. Maji ya ziwa yaliyohifadhiwa katika tangi au ndoo safi kwa siku mbili, bila konokono, huwa salama kuogea, kwa kuwa vimelea vikikosa mwili wa kuingia hufa. Maji yaliyochemshwa pia ni salama.

Wakazi wa visiwa hivyo hufua, huvua na huchota maji kila siku. Hawana chaguo jepesi, na serikali huwagawia dawa ya praziquantel kwa vipindi. Mgeni ana chaguo. Kwa familia ya Nyakisasa mpango ulio bora ni kuifanya Ukerewe kuwa kisiwa cha kutazama: watembee, wapande kwenye miamba, wale sato, waone jua likizama, wala wasiingie ziwani. Kama watoto wanataka sana kuoga, watafutiwe bwawa la kujengwa lenye maji yaliyotiwa klorini. Kuna sababu nyingine ya kuwa na tahadhari, nayo ni mamba na viboko. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na ambayo watu wa Biharamulo na Chato huitembelea kwa ukaribu wake, wanyama hao ni sehemu ya kile kinacholindwa. Mgeni huenda kuwaona akiwa ndani ya boti.

Unguja: maji yanayokwenda na kurudi

Baharini kichocho hakipo, maana vimelea vyake haviishi katika maji ya chumvi. Mtu aliyeambiwa hivyo huvuta pumzi ya faraja na kuingia majini. Lakini bahari ina jambo ambalo ziwa halina: hujaa na kupwa.

Kwa takribani saa 24 na dakika 50, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kati ya kujaa na kupwa hupita zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kimo kati ya maji makuu na maji madogo katika Zanzibar yaweza kukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, na mwendo wa maji hupungua. Mvuvi wa Unguja huyajua haya tangu utotoni. Mgeni kutoka Nyakisasa anaweza kumuuliza swali moja kila asubuhi: leo maji yanajaa saa ngapi?

Jibu lake huamua mengi. Katika pwani ya mashariki, kama vile Paje na Jambiani, maji hupwa mamia ya mita na kuacha uwanja mpana wa mchanga, mashamba ya mwani na mawe. Watu hutembea hadi karibu na mwamba. Maji yakianza kujaa hupita kwanza katika mabonde ya mchanga, hivyo mtembeaji aliye mbali huweza kujikuta ana maji ya kina nyuma yake kabla hajaona lolote mbele yake. Kanuni ni kugeuka mara maji yanapofikia upeo wa kupwa, bila kusubiri yaanze kurudi. Kwa upande mwingine, maji yanapotoka kwa nguvu hukusanyika katika milango ya mwamba, na mkondo wa hapo humshinda hata mwogeleaji hodari. Huko Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, maji hayaendi mbali sana. Mtu huweza kuoga karibu saa zote, lakini kina huanza karibu na ufuko, na kwa mtoto wa miaka minne hatua tatu ni nyingi.

Mtu akivutwa na mkondo, silika humwambia aogelee moja kwa moja kurudi ufukweni. Akifanya hivyo huchoka, na uchovu ndio unaoua. Inampasa aelee chali, atulize pumzi, ainue mkono kuomba msaada, kisha avuke mkondo kwa pembeni, sambamba na ufuko, mpaka atoke ndani yake. Kijana wa miaka kumi na tano aliyejifunza katika bwawa la mto ndiye anayepaswa kusomewa maneno haya kwa sauti. Mara nyingi anayejua kidogo huthubutu mengi.

Jambo la mavazi nalo lisipuuzwe. Kanga, kanzu au buibui vikilowa huwa vizito na kubana miguu. Mama au shangazi anayetaka kujisitiri anaweza kuvaa suruali na shati jepesi la kubana mwili, au vazi la kuogelea linalofunika mwili wote. Huko Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya namna hiyo, ushahidi kwamba stara na usalama vyaweza kukaa pamoja.

Tahadhari moja ya mwisho juu ya Unguja, na Pemba pia: vijito na madimbwi ya maji matamu ya visiwa hivyo yamekuwa na kichocho cha mkojo kwa miaka mingi, licha ya kampeni kubwa za kukitokomeza. Mtoto aliyetoka baharini asipelekwe kijitoni kusuuzwa chumvi. Atumie maji ya bomba.

Mafia: kina, miamba na viumbe

Mafia hufikiwa kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, au kwa ndege ndogo. Sehemu ya kusini na mashariki ya kisiwa imo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Wakati wa kwenda ni jambo la kwanza la usalama. Kipindi cha kusi, takribani Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na uvukaji huwa mgumu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi huwa na utulivu zaidi, na tangu Oktoba papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na asiye na madhara kwa mtu, huonekana karibu na Kilindoni. Watu hushuka kutoka kwenye boti ili kumtazama. Asiyejua kuogelea abaki ndani ya boti; jaketi okozi humfanya mtu aelee, halimfundishi kutulia katika maji yenye kina kirefu. Katika Ghuba ya Chole, mikondo ya milango yake hubadilika na kujaa na kupwa kwa maji, hivyo kuzama kutazama matumbawe kufanyike na muongozaji mwenyeji, kwa saa anayoichagua yeye.

Miamba ina wakazi wenye kujilinda. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi kama nungu mdogo, kuna samaki wenye sumu wanaofanana na jiwe, kuna taa wanaojificha mchangani, na kuna konyeza, wale viumbe laini wanaoelea na kuwasha ngozi. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu vitazuia mengi ya hayo, na kuburuza miguu mchangani badala ya kukanyaga humfukuza taa. Akichomwa na mwiba wa samaki au wa taa, mgonjwa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa kuwa mguu wenye maumivu haupimi joto vizuri. Mwiba uliozama kifuani au tumboni usichomolewe nje ya hospitali. Aliyewashwa na konyeza asuuzwe kwa maji ya bahari na asisuguliwe mchanga.

Wagonjwa wanaosafiri

Kuwa na ugonjwa wa kudumu hakumkatazi mtu kuiona bahari, ila humdai mpango wake mwenyewe.

Mtu mwenye kifafa ana hatari ya kufa maji zaidi ya mara kumi kuliko mtu asiye nacho. Shangazi wa familia yetu ya mfano asikose hata dozi moja. Dawa zake zigawanywe katika mikoba miwili, ili mmoja ukipotea asibaki mikono mitupu. Kwa kuwa degedege lake la mwisho lilikuwa miezi minne tu iliyopita, ni vyema azungumze na daktari wake kabla ya safari, na kwa sasa aishie penye maji ya vifundoni, mtu mzima mwenye nguvu akiwa ubavuni pake. Kukosa usingizi katika basi la usiku huweza kuamsha degedege, hivyo siku ya kufika iwe ya kulala.

Mwenye sikoseli aepuke maji ya baridi ya asubuhi, anywe maji mengi na akauke mara atokapo. Baridi na upungufu wa maji mwilini huweza kuleta maumivu makali ya mifupa. Mwenye kisukari asitembee pekupeku kwenye mchanga wa moto au mwamba. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta ufukweni, si hotelini. Mtu mwenye ualbino aoge kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, avae mikono mirefu na kofia pana, na apake mafuta ya kukinga jua. Aliyekunywa pombe, awe mgonjwa au mzima, asiingie majini siku hiyo.

Mlinzi wa maji

Ufukweni watu wazima wakiwa sita, mara nyingi kila mmoja hudhani mwenzake anamwangalia mtoto. Dawa ya kosa hilo ni kumtaja mtu kwa jina. Kila wakati mtoto awapo majini, mtu mzima mmoja awe mlinzi wa maji kwa zamu ya dakika 15 hadi 20. Hashiki simu, hapiki, hasomi, hapigi soga. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mlinzi awe ndani ya urefu wa mkono. Zamu inapobadilika, mmoja amwambie mwingine waziwazi: sasa ni wewe. Maboya ya kuchezea yanayojazwa upepo yasihesabiwe kuwa ulinzi, maana upepo unaovuma kuelekea kilindini huyapeleka pamoja na aliyeyashika.

Mtu akizidiwa, asiyefunzwa asijitose. Apige kelele, anyooshe fimbo au kanga, au arushe kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo na kufungwa kamba ni kifaa kizuri cha kurusha, nalo hupatikana kila mahali kuanzia Nyakisasa hadi Kilindoni. Namba ya dharura ni 112.

Akitolewa majini naye hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili kumtoa maji. Desturi hiyo hupoteza dakika za thamani na huleta matapishi yanayoingia mapafuni. Kinachokosekana ni oksijeni, kwa hiyo huduma huanza na pumzi: alazwe chali, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo, pua ibanwe, apuliziwe pumzi tano mdomoni, kisha akandamizwe kifua mara 30 katikati kwa pumzi mbili, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Aliyezinduka alazwe ubavu na apelekwe hospitali hata akisema amepona. Wahudumu wa afya wamwangalie kwa muda wa saa sita hadi nane, wakipima upumuaji na kiwango cha oksijeni. Kikohozi kinachozidi au pumzi za haraka ni sababu ya kumlaza. Antibayotiki hazihitajiki kwa kila aliyemeza maji, ila pale dalili za maambukizi zinapojitokeza.

Baada ya kurudi: swali la zahanati

Safari haiishi basi linapopanda tena vilima vya Ngara. Tuseme mtoto wa miaka tisa alipitiwa na hamu, akaingia ziwani kwa nusu saa wazazi wakiwa sokoni. Wiki tano baadaye ana homa, kikohozi kikavu, vipele vinavyowasha na maumivu ya tumbo. Kipimo cha malaria ni hasi. Katika zahanati ya vilimani homa hiyo huweza kupewa jina la homa ya matumbo au mafua, na mtoto akarudishwa nyumbani na dawa zisizohusika.

Hali hiyo yaweza kuwa hatua ya awali ya kichocho, ambayo hutokea kati ya wiki mbili na nane, pengine zaidi, baada ya kugusa maji yenye vimelea, na huwapata hasa watu ambao miili yao haijawahi kukutana na minyoo hiyo. Mayai huenda yasionekane bado katika kinyesi. Picha kamili ya damu inaweza kuonesha ongezeko la chembe aina ya eosinofili. Praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa lakini haiwamalizi wachanga, kwa hiyo dozi iliyotolewa mapema huhitaji kurudiwa. Kwa msafiri asiye na dalili aliyeingia ziwani, vipimo vya kinyesi na mkojo vifanywe takribani miezi mitatu baada ya safari. Kichocho kisichotibiwa huharibu ini kimyakimya kwa miaka, na kile cha mkojo huharibu kibofu na via vya uzazi.

Yote hayo hutegemea swali moja ambalo mhudumu wa afya aweza kuliuliza bila kifaa chochote: katika miezi mitatu iliyopita, uliogea wapi? Na mgonjwa asisubiri kuulizwa.

Kabla ya kuondoka, familia ya Nyakisasa imejaza kurasa tatu za daftari, moja kwa kila kisiwa. Kila ukurasa una mistari minne: ni maji ya aina gani, tutaoga saa ngapi, nani mlinzi wa maji, na hospitali iliyo karibu ni ipi. Wa Ukerewe unasema hatuogi; hospitali, Nansio. Wa Unguja umeacha nafasi ya saa ya maji kujaa, itakayojazwa kila asubuhi baada ya kumuuliza mvuvi. Hospitali, Mnazi Mmoja. Wa Mafia unasema watoto wabaki ufukweni, baba na kijana wapande boti na muongozaji, hospitali, Kilindoni. Kazi hiyo imechukua jioni moja, na aliyeandika ni mtoto wa miaka tisa.